Sisi Wangapi? Maisha ya Mwalimu Eliab ToPaivu, 1943–2019

Tarehe 4 Machi 2019, siku ya Jumatatu, alfajiri, watu saba tulikuwa kando ya kitanda cha Mwalimu Eliab ToPaivu alipokata roho. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mnilaze kwa mama." Hatukuweza, na wasifu huu hauna budi kueleza sababu.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1943 ndani ya handaki kijijini Vunakaur, karibu na Rabaul, mabomu yakianguka juu. Mama yake, Losana IaVarit, alizikwa kijijini hapo mwaka 1971, katika ardhi ya ukoo wake.

Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1964, akafundisha sarufi ya Kiingereza hadi alipostaafu mwaka 1998.

Mwaka 1968 alimwoa Rode IaVuvut. Alimposa kwa Kiingereza, kwa kujionyesha kidogo, akaanza habari ya nyumba watakayojenga kwa neno "we". Rode akamkatiza, "Wewe na nani?" Maana Kitolai chetu kina neno la sisi wawili, la sisi watatu na la sisi wengi. Kiingereza kina hilo moja tu.

Mdogo wa marehemu, Misiel ToLuana, alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, hiyo 'we' ni sisi wangapi?"

"Kiingereza hakiulizi wangapi."

"Maskini! Hata kuhesabu hakijui?"

Darasa likaangua kicheko. Marehemu alimwamuru aiandike mara hamsini.

Septemba 1994 volkano ilifukia kijiji kwa majivu. Miaka miwili baadaye alikuja msuluhishi wa ardhi, mgeni, kuuliza ni nani angali akidai mashamba. Marehemu alikuwa akisimamia mitihani. Misiel alijibu kwa Kiingereza safi kwamba "we" wamehama na hawarudi. Alikusudia yeye na mkewe. Msuluhishi aliandika ukoo mzima. Shamba likapewa wengine, nao wakalizungushia ua, kaburi la Losana likiwa ndani.

Marehemu alipokata rufaa, aliulizwa, "Ndugu yako alisema sisi. Kwani wewe si ndugu yake?"

Misiel alilia. "Kaka, wallahi nilisema sawasawa!"

"Ulisema sawasawa. Nilikufundisha mimi."

Hakufundisha tena viwakilishi hadi alipostaafu.

Figo zake zilianza kudhoofu mwaka 2016. Juzi tulikwenda kwenye ua ule kuomba nafasi ya kaburi moja.

"Ninyi si mlishaondoka, mzee?" mwenye shamba aliniambia. Lango hakulifungua. Kwa hiyo tunamzika hapa, katika makazi mapya, mbali na mama yake.

Ameacha mjane, Rode, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi binamu yake, na Misiel, aliyechimba kaburi hili peke yake, akakataa kupokewa sepeto.

Kitolai kina pia neno la sisi tusio pamoja na yule tunayesema naye: avet. Pumzika ulipolazwa, Mwalimu. Tumebaki avet, watu kumi.