Mwiko wa Pombe Uliovuka Ziwa

Tuliokuwa siku ile ninayowasimulia katika kiwanja changu hapa Baraka ni hawa: Mama Salima, jirani yangu, Asende, muke wa kaka yangu, Wilondja, mudogo wa marehemu bwana yangu, aliyetoka Swima na muke wake Neema, na miye bibi yenu, koko Mlasi, ninayesimama hapa. Salima na Asende wako kwenye benchi ya mbele, basikie.

Bamama wajane wenzangu, nawaambia bila kuficha: nilipita vita nzima nikiwa wima, halafu mtungi wa pombe ukaniangusha.

Bwana yangu Etabo tulimzika mbio mbio, kesho yake mitumbwi ikatupeleka Tanzania. Matanga hayakuondolewa. Kwa ukoo wake, yanaondolewa kwa pombe ya mahindi ambayo mujane ameipika mwenyewe. Bila hiyo marehemu anabaki mlangoni, na mujane anabaki na kamba nyeusi shingoni. Ile kamba niliivaa miaka yote ya kambi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeungua, mtungi wangu mzima uko kwenye majani. Wenye bunduki walikuwa wamefanyia uchafu ndani. Nikausugua na mchanga na majivu, nikaumwagia maji ya moto, ukang'aa. Mnacheka? Mnaojua pombe lazima mcheke. Mtungi wa pombe hausuguliwi hata siku moja, ule ukoko wa ndani ndio unaamsha pombe mpya! Mama alishanipiga kofi juu ya hilo, lakini hasira ilinisahaulisha.

Nikaotesha mahindi, nikaanika, nikasaga kimea, nikakitia kwenye uji uliopoa. Siku tatu pombe iko kimya, hakuna povu. Ikaoza tu. Mara ya pili vilevile. Wilondja akaonja, akatema.

"Shemeji, ndugu yangu tumuage na uji?"

Neema akamfinya. Mahindi yalibaki ya kupika mara moja tu. Nililala kwenye mkeka, nikamwambia Asende, "Etabo mumuache mlangoni. Na miye muniache."

Ndipo Mama Salima, aliyerudi juzi tu kutoka kambi ingine, akaingia kunipa pole, anachechemea na fimbo yake kwapani. Nikainuka.

"Salima! Huo si mwiko wangu wa kukorogea pombe?"

"Ni wako, yaya, dada yangu. Siku ya kukimbia mguu uliniuma, nikauchomoa kwenye ua wako. Nisamehe."

Upande mpana ulikuwa umefungwa kitambaa ili usimuumize kwapani. Tukafungua. Ndani ya nyufa za mti, ukoko mweusi wa pombe ya kabla ya vita! Salima akashika kinywa.

"Kumbe miye Muislamu natembea na pombe kwapani miaka yote! Mungu wangu!"

Tulicheka mpaka Wilondja akakimbia kuona nani tena amekufa.

Nikapika mahindi ya mwisho, nikakoroga na mwiko ule, nikagawa kwenye mtungi na bidon mbili za plastiki. Vifuniko sikuvikaza, maana pombe ikikosa pumzi inapasua bidon. Asubuhi nikatega sikio. Ndugu zangu, ilikuwa inaongea! Inachemka bila moto, povu linasukuma kifuniko. Kitu kilichokauka kwapani mwa muntu, kimevuka ziwa kwenda na kurudi, kimeamka! Nilipiga magoti. Mpaka leo sielewi ni nani anakaa ndani ya ule ukoko.

Wilondja alimwaga ya kwanza mlangoni, akaita, "Kaka, sasa enda salama," akakata kamba yangu na wembe. Shingo ilikuwa nyepesi, nikaishika shika kama ya muntu mwingine. Salima alikunywa chai yake pembeni.

Asante Salima, asante Asende uliyekataa kuniacha kwenye mkeka. Miye sikusoma, lakini hili nalijua: vita ikichafua kitu chako, usikimbilie kukisugua chote. Uliza kwanza majirani walikimbia na nini.

Sasa ninyi wawili wa benchi ya mbele: kama bidon zilikuwa tatu, ao kama Wilondja alisema vingine, simameni mnisahihishe, nikingali hapa wa kusahihishwa.