Yusra na Adabu ya Kupinga

Mgeni rasmi, Dkt. Mwinga, mwalimu wa falsafa; mzee wa mtaa; na nyote mliofika, salamu nyingi.

KARIBU
Sisi washonaji makuti wa Tiwi twakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa vumbi. Hapa ndipo tunaposhonea, na hapa ndipo mwanafunzi wako Yusra anapotusomea insha zake. Ahsante kwa kuja kujionea.

TULIKOTOKA
Mwaka jana Yusra alianguka mtihani wako. Nyanya yake, Bi Mwanatumu, anayesoma risala hii, aliishia darasa la tatu, lakini alitaka asomewe karatasi ile mpaka mwisho. Pembeni uliandika kwa wino mwekundu: "Na wewe wasemaje?"

"Mbona hukumjibu mwalimu, mjukuu wangu?"

"Nyanya, wanafalsafa wale ni wazee. Nitawapingaje?"

Bi Mwanatumu akaliweka kuti chini. Adabu hiyo ya kutowapinga wazee, ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Yusra.

MAFANIKIO
Tangu siku hiyo, kila alasiri Yusra husoma nasi humbana. Hoja yako ni ipi? Umejuaje? Asiyekubali atasemaje, nawe utamjibu nini? Bi Warda, mshonaji mwenzetu, naye hupiga kelele, "Jibu lako litangulie, binti, tusije tukazeeka mara ya pili!" Insha zake sasa zimesimama imara.

CHANGAMOTO
Tangu tuanze kubishana iwapo anayelala ndiye yuleyule anayeamka, makuti yetu yanatoka mapana huku, membamba kule. Mnunuzi ananung'unika. Lakini kubwa ni hili: wanafalsafa Yusra huwapinga, lakini nyanya yake, mpaka juzi hakuthubutu kumpinga. Na Jumatatu anarudia mtihani. Akianguka tena, chuo amekiaga.

OMBI
Kwanza tuliandika hapa kwamba umsamehe mtihani huo, umpe alama kwa bidii yake. Jana Bi Mwanatumu alipomsomea ombi hilo, Yusra alisimama mbele yetu sote.

"Shikamoo, nyanya. Sikubaliani nawe."

Mikono yote ikasita.

"Mwasema nimeshajua, basi nisipimwe. Ikiwa najua, mtihani utanidhuru nini? Na ikiwa sijui, alama hizo ni za nini?"

Bi Mwanatumu akaishusha karatasi. Akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Marahaba sana."

Kwa hivyo, mgeni rasmi, ombi lile tumelifuta. Limebaki moja tu: Jumatatu, usimhurumie.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, akujaalie wanafunzi wabishi wenye adabu.

Ni sisi,
Washonaji Makuti wa Tiwi