Kilima Kisichosogea

Bibi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mjukuu: Mimi, bibi. Shikamoo.

Bibi: Marahaba, mke mwenzangu. Namba ngeni hii, nusura niiache ilie.

Mjukuu: Simu ya mtunza maabara. Yangu imezima.

Bibi: Mshukuru. Umekula?

Mjukuu: Nimekula.

Bibi: Nini?

Mjukuu: Sikumbuki. Bibi, ule mfuko wa udongo ulionitumia—

Bibi: Ulifika salama? Nilimsihi kondakta asiutupe juu ya basi. Akaupakata njia nzima, nimeambiwa. Kijana mstaarabu.

Mjukuu: Ulifika. Uliuchimba wapi?

Bibi: Bondeni, nyuma ya nyumba. Shimo alilokuwa akichimba mama yako.

Mjukuu: Lilelile?

Bibi: Lilelile. Kwani umeoza?

Mjukuu: Hauozi. Haufunguki.

Bibi: Udongo una mlango?

Mjukuu: Una kurasa, bibi. Kama nguo zilizokunjwa kabatini, moja juu ya nyingine, nyembamba hata macho hayazioni. Nautia dawa ya jamii ya sabuni. Inajipenyeza katikati, kurasa zinaachana. Ukishakuwa hivyo, udongo unaacha kupenda maji, unashika mafuta. Tunataka tusafishie maji machafu ya gereji.

Bibi: Miaka yote mimi natumia sabuni kuutoa udongo kwenye nguo. Wewe unaishindilia humo humo.

Mjukuu: Ndiyo.

Bibi: Zamani hapo ungecheka.

Mjukuu: Tunaupiga eksirei. Mashine inachora vilima. Kurasa zikiachana, kilima kinasogea. Ule aliouchimba mama ulisogea wote. Huu wako umesogea kiasi, lakini kuna kilima kingine pembeni. Nimeongeza dawa mara tatu. Hakisogei.

Bibi: Haloo? Unakatika—

Mjukuu: Nasema hakisogei. Mwalimu anasema sehemu imechomwa. Anasema nimeusahau kwenye tanuri, kwamba siku hizi sina akili ya kazi. Kesho asubuhi nisipompa sababu, kazi anampa mwenzangu.

Bibi: Na uliusahau?

Mjukuu: Sijui. Ndiyo maana nakupigia. Siku nyingine nafika chumbani, sijui nimepita njia gani.

[mkwaruzo simuni]

Bibi: Hukuusahau.

Mjukuu: Umejuaje?

Bibi: Uliungua kabla haujafika kwako. Niliuchanganya na vigae.

Mjukuu: Vigae gani?

Bibi: Vya mtungi uliovunjika. Nimevitwanga, nikavichekecha, nikaukanda navyo. Udongo mtupu ukifinyangwa unapasuka motoni, lazima uupe kitu kilichokwisha kuuona moto. Nilidhani mnafinyanga huko. Nikasema mtoto asije akahangaika, nimtayarishie kabisa.

Mjukuu: Nilitaka mbichi.

Bibi: Mama yako ndiye aliyekuwa akikuelewa. Mimi uliniambia udongo, nikakuletea udongo.

Mjukuu: Si kosa lako, bibi.

Bibi: Ni langu. Mwambie huyo mwalimu, bibi kizee ndiye aliyeharibu. Nipe niongee naye.

Mjukuu: Ameshaondoka. Nitamwambia. Kilichochomwa, kurasa zake zimegandana. Haziachani tena kwa dawa yoyote. Jibu ni hilo tu, kumbe.

Bibi: Kwa hiyo kazi hawakunyang'anyi?

Mjukuu: Nadhani hawaninyang'anyi.

Bibi: Basi mbona sauti yako ni ileile?

Mjukuu: Mtungi upi, bibi?

Bibi: Salio la watu linaisha, mama.

Mjukuu: Upi?

Bibi: Ule wa dirishani. Alioufinyanga akiwa na mimba yako.

Mjukuu: Mliuvunja lini?

Bibi: Siku tuliyomzika. Nyumba ilijaa watu, mtu akaugusa kwa kiwiko. Hakujua. Jirani yetu mshonaji akapiga magoti akaokota kipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa. Sikuweza kuvitupa. Ulipoomba udongo, nikaona... basi, nikaona viende kwako.

Mjukuu: Siku hiyo mimi nilikuwa hapa kwenye mashine. Zamu yangu nilikuwa nimeingoja miezi minne.

Bibi: Najua.

Mjukuu: Nilikaa nikaangalia vilima vikichorwa. Vya udongo wake. Sikulia, bibi. Mpaka leo.

Bibi: Hakuna aliyekuuliza.

Mjukuu: Nahitaji mwingine. Mbichi. Usioguswa.

Bibi: Nitauchimba kesho, nikimpata yule kondakta—

Mjukuu: Usichimbe. Nikishamwona mwalimu napanda basi. Nitauchimba mwenyewe.

Bibi: Wewe?

Mjukuu: Na huu uliobaki nakuja nao. Kama ni wa mtungi, ufinyangwe mtungi.

Bibi: Simu inalia pii, ni yako au ni—

Mjukuu: Yangu. Salio. Bibi, shimo lina maji?

Bibi: Tope mpaka magotini. Usije na hivyo viatu vyako vya mjini. Mabuti ya mama yako yapo mlangoni, pale pale alipoyavua. Sijaya—

Mjukuu: Yatanitosha. [simu inakatika] Bibi? Haloo? Nimesema yatanitosha.