Msusi na Msichana wa Kitabuni: Wasifu wa Marehemu Bi Kitana

Ndugu, majirani na wateja, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Tunayemsindikiza leo ni dada yangu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kitana, na ambaye karibu wanawake wote waliopo hapa aliwahi kuwashika kichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa baba yetu seremala na mama yetu mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka analia, akanyamaza, akatazama watu, kisha akalia upya kama aliyekumbuka jambo la kuongeza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965. Hesabu zilimpiga chenga, lakini insha zilikuwa zake. Alijiandikia yeye na akawaandikia wenzake, mpaka mwalimu akagundua kwamba nusu ya darasa imefiwa na bibi yuleyule mwenye jicho moja. Alisimamishwa mbele ya darasa, akagombezwa vya kutosha. Mwalimu alipomaliza kugomba akamwuliza kwa sauti ya chini, "Sasa yule bibi aliugua nini hasa?"

Mwaka 1972 alianza kazi ya ususi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Chumba kile mnakijua: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na mashine ya kukaushia nywele inayonguruma kama lori lililokwama. Alikuwa anasuka mchana na kuandika hadithi jioni, na kila alichoandika alikisoma kwa wateja, karatasi zimebanwa kwenye kioo kwa vibanio vya nywele. Mteja aliyesukwa nusu kichwa hana pa kwenda. Kwa hiyo hadithi zake zote zilisifiwa, na nne kati ya hizo zikachapwa vitabu. Kuna waliozisikia zaidi ya mara moja kwa sababu ya kuwa na nywele nyingi, na familia inawashukuru.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yangu, mtu mpole wa maneno machache. Naye alisomewa kila kitu. Alikuwa anasema "Nzuri sana" hata akiwa usingizini, na dada hakumwamsha. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Fundi alitangulia mwaka 2009, na nyumba ikawa kimya upande mmoja. Lakini nisikimbilie huko.

Huyo binti yao naye alijifungua binti, na mjukuu huyu ana usonji. Kwa wasioujua, ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Anaipokea dunia kwa njia yake: kelele humwumiza, kichwa hataki kiguswe, na maneno humtoka akiwa tayari yeye, si ukiwa tayari wewe. Sasa, kwa kuwa hasukwi, ndiye msikilizaji pekee aliyeweza kuinuka na kuondoka. Na alikuwa anaondoka. Bibi yake akampa jina la Mkaguzi.

Mwaka 2019, Mkaguzi akiwa na miaka kumi na mitano, marehemu alianza kitabu kinachosimuliwa na msichana wa umri ule mwenye usonji. Sura ya kwanza aliisoma Jumamosi, saluni imejaa. Msichana wa kitabuni alikuwa akihesabu vigae, akiongea kama tangazo la stesheni, hacheki wala halii, na alikariri namba za magari yote ya mtaani. Wateja walifuta machozi. Mkaguzi akainuka.

"Unakwenda wapi, mke mwenzangu?" Ndivyo walivyotaniana.

"Nje. Huyo mtoto umemtoa wapi?"

"Ana usonji, kama wewe."

"Mimi sijui namba ya gari hata moja. Na mbona sura nzima hali, haendi chooni, wala hamtanii mtu? Mama yake naye analia kila ukurasa. Wangu analia akikata vitunguu tu."

Mama yake Mkaguzi alikuwa pale pale, kiti cha pili, nywele zimesimama upande mmoja. "Na siku ulipomwaga rangi kitandani kwangu?"

"Siku ile ulipiga kelele. Hukulia," alisema Mkaguzi, akatoka.

Tangu hapo marehemu alitaka kitu kimoja tu: aandike sura ambayo Mkaguzi angekaa nayo mpaka mwisho. Aliandika, akachana, akaandika. Msichana wa kitabuni akaanza kula, akawa mbishi, akamfichia mjomba wake meno ya bandia. Mkaguzi akawa anafika katikati ya sura, wakati mwingine hata robo tatu, halafu mlango unasikika.

Mhariri wa kitabu alikuja mwenyewe kumwonya, na dada akamkalisha kitini amsuke ili wasipoteze muda.

"Mama, huyu binti anachekesha mno," mhariri alisema. "Wasomaji watajuaje kwamba ana usonji?"

"Atawaambia. Si ndiye anayesimulia?"

"Basi mwongezee kipaji. Hata cha hesabu."

"Hesabu mimi na bibi tunafeli pamoja," Mkaguzi alisema kutoka mlangoni.

"Samahani, binti, sikuwa nakusema wewe."

"Najua. Ndilo tatizo la kitabu chenu."

Mhariri alichukia, akajifunga kitambaa, akaondoka na upande wa kushoto haujasukwa. Lakini wasusi wana desturi yao: hakuna anayemalizia kichwa alichoanza mwenziwe. Alizunguka saluni za mjini, kila mahali anaambiwa, "Rudi kwa aliyekuanza." Jumatatu akarudi, akakaa, akasomewa sura zilizokuwa tayari mpaka msuko wa mwisho. Alipojitazama kwenye kioo alisema, "Haya, mama. Tutakichapa hivyo hivyo." Yupo nasi leo, na ametuthibitishia kwamba kitabu kiko mtamboni.

Mwaka 2022 figo za marehemu zilianza kuchoka, vidole vikavimba, ususi ukakoma, akaanza kulazwa. Waliokuja kumjulia hali wodini walikuwa huru kuondoka wakati wowote, na walikaa. Alibakiza sura ya mwisho. Mara ya kwanza aliimalizia kwa mama na binti kukumbatiana kwenye mvua. Mkaguzi hata hakungoja mvua ianze, akaenda zake kwenye veranda.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2023 alimwita tena. Safari hii mama na binti wanagombania viatu, wananuniana, kisha wanakunja nguo zilizokauka, kila mmoja na upande wake wa kitanda, bila neno. Sauti ya marehemu ilikuwa ndogo, ikabidi Mkaguzi asogeze kiti. Ukurasa wa mwisho ukaisha, bado yupo.

"Haya, sema," dada alimwambia.

"Huyu namjua."

Dada akashusha karatasi.

"Ila simpendi. Ana kiburi."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani amezidiwa. "Umesikia?" alimwuliza muuguzi. "Amesema anamjua."

Alituaga Ijumaa, tarehe 9 Juni, asubuhi, watoto wake wakiwa pembeni.

Mkaguzi ameniomba niseme jambo, na nimelipanga kama alivyolitaka. Amesimama kule getini kwa sababu nyimbo zina kelele. Hajakataa kumzika bibi yake. Mkimwona anacheka, amekumbuka kitu. Msimwendee kumkumbatia. Na mtu akikuulizeni kama ana huzuni, msimjibie. Mwambieni aje amwulize mwenyewe.

Marehemu ameacha kaka mmoja, watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, na msichana mmoja wa kitabuni, ambaye Mkaguzi ameruhusu atajwe hapa, ila asikae meza ya familia.

Apumzike kwa amani, ingawa kwa tunavyomjua, huko aliko keshapata kichwa cha kusuka na ameshaanza kusimulia.