Mama Trei, Aliyedai Mayai na Kukataa Pesa

Ndugu wafiwa, majirani na waumini wenzetu, aliyelala mbele yetu ni dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Trei kwa sababu ya mayai aliyouza. Wiki mbili kabla ya kufa alimwita mdogo wake wa mwisho, ndiye huyu anayesoma, akamwambia, "Wewe ndiye utakayeandika. Sasa ole wako uandike kwamba nilipendwa na wote. Watu watacheka mpaka jeneza litikisike." Kwa hiyo hilo halikuandikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa fundi mwashi na mshona nguo. Mama yetu alipenda kusema kwamba alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga akashindwa kuzikunjua. Wazazi wetu wote wawili wametangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Kusoma kwa sauti hakukumpendeza, lakini kwenye hesabu hakuna aliyempita. Akiwa darasa la nne, msichana wa dawati la nyuma aliazima penseli yake mpya, akairudisha baada ya muda ikiwa kipande. Marehemu aliikataa. "Hii siyo," alisema, akapima kwenye kidole. "Yangu ilifika hapa." Mwalimu alicheka, na tangu siku hiyo wenzake wakamwita Ilifika Hapa. Jina hakulipenda, lakini kipande hakukipokea.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufua shuka hospitalini, na huko alipata ule ukavu wa mikono ambao hakuna mafuta yaliyouponya. Mwaka 1990 aliacha kazi, akafungua duka kwenye dirisha la chumba cha mbele nyumbani kwake. Wote mliopo mnalijua dirisha lile. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, mafuta aliyapima kwa kikombe cha bati, na mayai aliyapima kwa taa. Alikuwa na kopo la maziwa lenye tundu, ndani yake balbu, na kila yai lilipita juu ya tundu lile. Lililong'aa lilirudi kwenye trei, na lililoonyesha giza lilitupwa. Yai viza halikuwahi kuvuka dirisha lile. Hata waliomchukia wanakubali.

Alikopesha pia, tena sana. Mshahara wa watu ulipochelewa, nyumba nyingi za mtaa huu zilikula kutoka kwake. Hakuandika mahali, alishika kichwani. Mkopaji akipita upande wa pili wa barabara kumkwepa, alimwita kwa sauti: "Shemeji! Huku kwangu barabara imefungwa?" Shemeji alivuka huku anacheka kwa aibu, na siku ya pili alilipa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi bomba. Fundi huyo alitumwa kutengeneza bomba la chumba cha kufulia, likavuja tena, akarudi, likavuja tena. Mara ya tatu marehemu alimwambia, "Kaka, ama kazi huijui ama una jambo." Akajibu, "Nina jambo." Mungu aliwajalia binti wawili na mwana mmoja. Keki ya harusi ilipikwa na dada wa bwana harusi, yaani wifi yake, ambaye kazi yake ni keki. Mawifi hawa walipendana. Walishona nguo sare, walisukana nywele, na wifi alipopata kazi ya keki alichukua mayai kwa mkopo, akalipa alipolipwa. Ilikuwa hivyo miaka mingi.

Mwaka 2022 chakula cha kuku kilipanda bei, wafugaji wengi wakachinja kuku wao, na mayai yakaanza kupanda. Mteja aliuliza bei asubuhi, akija jioni akakuta nyingine. "Mama Trei, haya ni mayai au madini?" "Muulize kuku," alijibu. Wifi alikuwa amechukua trei nne kabla bei haijaanza kupanda, za keki ya harusi ya binti wa mkandarasi. Mkandarasi alikula keki, akapokea sifa, akakaa miezi saba bila kulipa. Alipolipa, wifi alikuja dirishani na pesa za trei nne kwa bei ile ya zamani.

Marehemu aliziangalia. "Wifi, hizi ni za trei mbili."

"Nilichukua nne kwa bei hii. Ulinitajia kwa mdomo wako."

"Mimi sikukukopesha pesa. Nilikukopesha mayai. Nirudishie mayai."

"Haya, njooni mwone! Tangu lini mayai yakataga riba?"

"Ukiazima kikombe cha chumvi kwa jirani, unarudisha nini? Kikombe cha chumvi. Kuna anayeuliza bei?"

"Hiyo ni kwa jirani. Wewe una dirisha, una mizani, una faida. Chagua moja, wifi: uwe jirani au uwe mwenye duka."

"Mwenye duka ndiye anayekula hasara. Jirani anakula keki."

Wifi aliziacha pesa dirishani. Marehemu alizisukuma nje kwa mpini wa ufagio, zikatawanyika barabarani mbele ya watu. Mume wake, ambaye ni kaka wa mmoja na mume wa mwingine, alitoka na kandambili mguu mmoja akaziokota. Alisema, "Mimi kuanzia leo mayai sili," na hajala hadi sasa.

Maneno yakafika kanisani, ambako wifi alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Mzee wa kanisa, ambaye naye alikuwa na sukari ya mkopo kwa marehemu, alikuja kumwambia kwamba kudai zaidi ya bei mliyokubaliana ni riba, na riba ni dhambi. Marehemu alimkaribisha kiti, akamuuliza, "Mzee, jirani akikuazima jembe zima, utamrudishia mpini?" Mzee alisema hayo ni maneno ya kiburi. Marehemu alitakiwa aombe radhi mbele ya akina mama. Alikataa, akahamia benchi la nyuma. Watu waliacha kumsalimia. Wakamwita Mama Riba, na watoto wakalipokea jina hilo kutoka kwa wazazi wao, kwa maana watoto hawatungi chuki.

Naye alijibu kwa ubaya. Alitundika kibao dirishani: "Mkopo amesafiri. Hakusema atarudi lini." Akawafungia wote kwa kosa la mmoja. Wapo waliorudi nyumbani na kikapu kitupu wakati mayai yalikuwa ghali kuliko nyama, na hawakuwa wamemkosea lolote. Mdogo wake alimwambia kwamba hilo si haki mbele ya Mungu. Akasema, "Mungu ananikopesha pumzi, na ataichukua nzima. Hatachukua nusu." Hakukishusha kile kibao.

Hata hivyo wifi alianza kurudisha mayai. Alimpa kaka yake trei, kaka akaileta bila kuiangalia. Zilifika tatu kwa muda wa mwaka mzima, na wala hapakuwa na salamu iliyofuatana nazo. Ikabaki moja.

Mwezi wa Februari mwaka huu, 2024, marehemu alianza kuvimba miguu. Hospitalini ilionekana kwamba shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo. Alilazwa mara mbili, na mwezi wa Agosti aliomba kurudishwa nyumbani. Tunawashukuru wauguzi, na binti yake mkubwa aliyeacha kazi yake ili amhudumie. Mdogo wake alisali naye kila jioni, na kila jioni waliposema "utusamehe kama sisi tunavyosamehe", marehemu alinyamaza sehemu ile, kisha akaendelea mbele.

Jumanne tarehe 1 Oktoba wifi alikuja mwenyewe, na trei ya mwisho mikononi. Alikuwa hajaikanyaga nyumba hii tangu siku ile ya ufagio. Sote chumbani tulidhani sasa wanapatana, na mdogo wake alikwisha kuanza kushukuru kimoyomoyo. Marehemu akasema, "Leteni kopo."

Kopo lililetwa, likawashwa. Hakuwa na nguvu tena, ikabidi mdogo wake ashike mayai, yeye akiangalia kichwa kikiwa juu ya mto. Wifi alisimama mlangoni, mkoba begani. Ishirini na nane yaling'aa. Mawili yalikuwa meusi.

"Viza," alisema marehemu. "Bado mawili."

"Mtu yuko kitandani hivi, na bado anapima mayai!"

"Na wewe mtu yuko kitandani hivi, unamletea viza."

Wifi aliubamiza mlango mpaka picha ya harusi ikaenda upande. Mdogo wake akalia, akamsihi: "Dada, ni mayai mawili tu. Msamehe ukapumzike."

"Angekubali kwamba namdai, ningesamehe zote nne."

"Dada, sote tunajua unamdai."

"Unaona? Hata wewe unajua. Yeye anasema hakuna deni, mimi ni mla riba. Nikisamehe deni ambalo halipo, nitakuwa nimekiri nilitaka kuiba." Kisha akageukia ukutani.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Saa mbili asubuhi, kabla habari haijatoka, wifi alifika na mayai mawili ndani ya kitambaa. "Mpelekee," alimwambia mdogo wa marehemu. "Mwambie nimeyapima mwenyewe." Akaambiwa kwamba hayupo tena.

"Amenikimbia," alisema. "Miaka miwili natafuta neno la kumwambia, jana nimelipata, leo anaondoka."

"Neno gani, wifi?"

"Si lako." Akanyoosha mkono wenye kitambaa. "Pokea. Sitaki aende kunishtaki huko."

Mdogo wake aliyapokea, akaliwasha kopo, akayapima, kwa kuwa marehemu asingekubali vinginevyo. Yote mawili yalikuwa safi.

Kamati ya mazishi ilishauri mambo haya yaachwe. Familia iliamua yasomwe, maana mnayajua wote na mmekuwa mkiyasimulia vibaya. Wifi mwenyewe alisomewa jana. Alisema, "Isome. Ila ongeza kwamba sauti yake siku ile ilisikika hadi mtaa wa pili." Imeongezwa. Neno alilolipata bado hajalisema, na hatumlazimishi.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka watatu, dada mmoja na mdogo wake wa mwisho. Ameacha pia wifi mmoja, ambaye hadaiwi kitu.

Amani hakuondoka nayo hapa kwetu. Tunamwomba Mungu ampe huko aliko, apumzike nayo.