Nilivyovuka Mpondwe na Gari la Marehemu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesikia wengine mmeitikia kwa nguvu, na wengine mmeitikia kwa chini kama watu waliokwamwa na kitu kooni. Asanteni nyote. Mimi pia leo nitasema kwa chini, kwa hiyo akina mama mlioko nyuma sogeeni kidogo. Sikuja na ushuhuda wa kuchezewa ngoma. Nimekuja na ushuhuda wa machozi, lakini ni ushuhuda, kwa sababu Mungu alikuwepo.

Wengi hapa mnanijua kama Mama Masika, yule wa maharagwe pale sokoni Bwera. Jina langu ni Rispa Nekesa. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji huku Kasese, nami nikazaliwa hapa na kuolewa hapa. Aliyenioa ni Kambale, dereva. Yeye alizaliwa ng'ambo, Mutwanga huko Kongo, chini ya mlima huuhuu wetu, ila wao wanauona kutoka upande wa pili.

Kambale alikuwa na Toyota ya kijivu. Aliipangusa kila asubuhi kabla hajagusa chai, utadhani ni mtoto anaenda shule. Alipeleka wafanyabiashara Kasese, alishusha watu Kikorongo, alibeba samaki kutoka Kasenyi mpaka viti vikashika harufu isiyotoka kwa sabuni yoyote. Nilimlalamikia sana juu ya harufu ile. Ndugu zangu, leo ningelipa chochote nigombane naye tena juu ya harufu ile!

Siku moja alikuwa Kasenyi akisubiri mzigo. Akamwambia mwenzake kwamba kichwa kinamuuma, akakaa chini kando ya gari, na hakuinuka tena. Walimkimbiza hospitali. Mimi nilipofika, nesi alinishika mkono, nikajua.

Tulimzika nyumbani, penye kahawa yetu. Mama yake, Mama Kavira, hakuja. Wakati ule waasi walikuwa wanaua watu upande wa Beni, na njia ya Mutwanga ilikuwa imefungwa. Mchungaji wa huko ndiye aliyempa habari. Mama akabaki peke yake ng'ambo, na mwanawe akafukiwa huku bila yeye kumtupia hata udongo.

Na mimi? Mimi sikulia. Nilisimama kaburini mkavu kama kuni. Watu wakasema, "Huyu mama ana imani!" Haikuwa imani, ndugu zangu. Kitu kilikuwa kimenifunga mdomo. Wateja wa Kambale walipokuja nyumbani kuuliza dereva yuko wapi, nilijibu, "Amesafiri." Masika, binti yangu, alikuwa ananisikia. Alikuwa ananitazama tu, kisha anaingia ndani. Neno lile lingine, lile la kweli, sikuweza kulitamka. Cheti cha kifo nilikiacha kulekule hospitali. Gari nililifunika turubai. Nilikuwa naamka, nauza maharagwe, naimba kwaya hapahapa mbele yenu, na ndani nilikuwa kama nyumba isiyo na mtu.

Nilikaa hivyo mpaka mwaka ukazunguka. Njia ikafunguka kidogo. Ndipo mchungaji wa Mutwanga akanipigia simu. Akasema, "Mama Masika, bibi kizee hayuko vizuri. Miguu imevimba, moyo unamsumbua. Hawezi kupanda pikipiki. Anasema jambo moja tu kila siku, kwamba asife kabla hajaona pale mtoto wake analala."

Nilikaa chini na simu mkononi. Gari lilikuwepo. Kuendesha nilijua, Kambale mwenyewe alinifundisha kwenye barabara za vumbi za Nyakiyumbu, akicheka kila nilipozima injini. Nikakata bima mpya, nikaazima betri kwa jirani, nikatoa turubai. Nilipofungua mlango, ile harufu ya samaki ikanipiga usoni. Nikafunga macho, nikawasha, nikaenda.

Basi nikafika mpakani, Mpondwe. Anayevuka kwa miguu hana shida kubwa, lakini gari ni jambo lingine. Ukitaka gari la Uganda liingie Kongo, lazima upate kibali cha muda, waone kadi ya gari, waone bima, wajue litarudi. Mimi nilikuwa na kadi na bima. Nilidhani nimekamilika.

Upande wa Kasindi, ule wa Kongo, alikaa mama mmoja wa forodha, mnene, mwenye miwani shingoni. Alisoma kadi, akanitazama.

"Mama, hii gari ni ya Kambale. Kambale iko wapi?"

Nikasema, "Ni bwanangu."

"Nimesikia. Lakini iko wapi? Mwenye gari akuje, ao akupe barua kama anakuruhusu. Bila ile, gari haiwezi pita."

Ndugu zangu, ningemjibu kwa neno moja tu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Amesafiri."

"Basi umungojee arudi," akasema, akanirudishia kadi, akamwita wa nyuma yangu.

Nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Hapo akanikaribia mwanamume mmoja wa wale wanaozunguka mpakani kusaidia watu na makaratasi. Alikuwa amesikia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, usihangaike. Ile kitu ni kidogo. Tunatafuta mutu moja, anaingia na wewe, anasema yeye njo Kambale. Anatia sahihi, unapita. Watu banafanyaka vile kila siku."

Nilifikiria miguu ya mama mkwe iliyovimba. Nilifikiria kwamba labda kesho njia itafungwa tena. Nikatikisa kichwa kukubali. Naam, nilikubali!

Akamleta mtu. Mtu mrefu, mtaratibu, shati lake limepigwa pasi. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alifungua mlango wa gari upande wa dereva, akakaa pale ili waone ametoka ndani ya gari. Akashika usukani wa Kambale. Akarekebisha kile kioo ambacho kilikuwa hakijaguswa tangu Kambale akiguse mara ya mwisho. Kisha akanigeukia, akasema kama anayejaribisha nguo, "Mimi ni Kambale. Mimi njo bwana yako, eh?"

Ndugu zangu! Kitu kilipasuka ndani yangu. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka wabeba mizigo wakasimama. "Hapana! Toka! Kambale amekufa! Bwanangu amekufa! Toka kwenye kiti chake, amekufa!"

Yule mtu alitoka mbio. Yule mwingine naye sikumwona tena. Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi la mpaka, nimeshika mlango wa gari, nikirudia neno lile. Amekufa. Amekufa. Mwaka mzima lilikuwa limenikwama hapa, na sasa lilikuwa linatoka lenyewe.

Mkono ukanigusa begani. Alikuwa yule mama wa forodha, ametoka ofisini. Nilidhani ameleta askari. Akachutama kando yangu na unene wake wote.

"Alikufaka lini?"

Nikamwambia.

"Na unaenda wapi?"

Nikamwambia habari ya mama mkwe na kaburi. Miwani ilikuwa inacheza shingoni kwa jinsi alivyohema.

"Mama, sikia muzuri," akasema. "Mimi siwezi kukupa kibali kwa jina ya mutu alikufaka, na wewe unasema amesafiri. Wataniuliza. Lakini kama amekufa, iko njia. Niletee karatasi ya kifo. Niletee barua ya chef, mukubwa wa kijiji chako, aseme wewe njo bibi yake na gari iko mu mikono yako. Basi. Rudi na ile, utanikuta hapa."

Ningeweza kumkasirikia, maana nilikuwa nimefika tayari, Mutwanga ni hapo tu mbele. Lakini sikuwa na hasira. Niligeuza gari nikarudi.

Nilienda hospitali. Kwa mwaka mzima nilikuwa napita njia ya mbali ili nisione lango lile. Karani alitafuta kwenye faili, akakipata cheti, akaomba niseme jina kamili la marehemu. Nikalisema. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Aliandika polepole, akafika mahali akainua kalamu, akaniuliza, "Mama Masika, niandike 'marehemu'?" Alijua nilivyokuwa nawajibu watu. Nikasema, "Andika, mzee. Andika marehemu."

Nilipofika nyumbani, Masika alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia, "Mwanangu, baba amekufa." Msichana yule aliangusha sufuria, akanikumbatia kiunoni, akasema, "Ndiyo, mama. Nilikuwa nangoja uniambie."

Asubuhi nilirudi mpakani. Mama wa forodha alisoma kila karatasi, akachukua fomu ya kibali, akaniuliza, "Unaenda na biashara?"

"Hapana."

"Kama haiko biashara, ni turisti. Hapa tunaandika mambo mbili tu."

"Mimi mtalii? Mama, naenda kumchukua mzazi aje kulia."

Alishusha kalamu. "Najua," akasema. "Lakini karatasi haina nafasi ya ile." Akaandika turisti, akapiga muhuri, akaniambia niendeshe polepole na nikumbuke kwamba kwao gari linapita mkono wa kuume. Nikavuka. Mtalii aliyevaa nguo nyeusi, ndugu zangu, akiendesha upande asiouzoea, akimwita Yesu kila lilipotokea lori.

Mama Kavira alikuwa amekaa mlangoni kwake, amevaa kitenge chake kizuri, mfuko tayari. Aliposikia injini alijaribu kusimama, na uso wake ukang'aa. Ninaukumbuka mng'ao ule. Aliitambua sauti ya gari la mtoto wake. Kisha mlango ukafunguliwa nikashuka mimi, na uso ule ukazimika. Hakuna kitu kilichoniuma kama hicho, hata kaburi halikuniuma hivyo.

Njiani alikuwa anapapasa kiti kwa kiganja. Mpakani nilirudisha kibali, na yule mama wa forodha akaja mpaka dirishani, akamshika mkono, wakasemezana kwa Kinande, lugha nisiyoijua vizuri. Mimi na mama mkwe tulikuwa na Kiswahili tu kati yetu.

Tulifika nyumbani jua bado liko juu. Masika alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukapita kwenye kahawa taratibu kwa sababu ya miguu ile. Alipoliona kaburi hakupiga kelele. Alikaa chini, akaliweka shavu lake juu ya saruji. Akazungumza na mtoto wake muda mrefu. Mwishowe akageuka kwangu.

"Rispa, uliisha kulia?"

Nikasema, "Mama, nilipiga kelele mpakani. Kulia, bado."

"Kuja hapa karibu yangu," akasema. "Mimi sikuwa na mutu wa kulia naye. Na wewe hukuwa na mutu. Kuja."

Nikalala kifuani pake kama mtoto mchanga, na machozi yakaja. Yalikuja ya hospitali, yakaja ya maziko, yakaja ya mwaka mzima. Sikuomba kwa maneno. Lakini najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba pale ndipo Bwana alinifungua. Hakuna aliyeniwekea mikono isipokuwa bibi kizee mwenye moyo mgonjwa. Haleluya!

Ningependa kuwaambia kwamba alipona. Hakupona. Tulikaa naye, akimfundisha Masika Kinande chake, mpaka tulipovuna maharagwe. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamkuta amekwenda. Tumemlaza kando ya mwanawe. Safari hii nililia saa ileile, kwa sauti, na majirani wakasikia wakaja.

Ndugu zangu, mimi bado ni mjane. Kitanda bado ni kipana. Sikuja kusema kwamba Mungu aliondoa huzuni, maana hakuiondoa. Aliniondoa kwenye ule ukimya uliokuwa unaniua, akanipa watu wa kulia nao. Kwa hilo namshukuru, na nitamshukuru mpaka nami nilazwe.

Kama uko hapa leo na kuna neno ambalo hujaweza kulitamka, usiende nalo nyumbani. Mkabidhi Yesu neno hilo. Hatakushangaa. Nami ibada ikiisha nitabaki kwenye benchi lile la karibu na dirisha. Njoo tu. Si lazima useme kitu. Tutaanza kwa kukaa.