Diski ya Kuamshia Kompyuta ya Mwalimu

PASKAZIA: Haloo? Nani mwenzangu?

NURUDDIN: Shikamoo, Mama Lusia. Ni Nuruddin, fundi kompyuta wa Nyasubi, huku Kahama.

PASKAZIA: Marahaba, baba. Diski nimeichukua stendi ya Buseresere asubuhi. Ndiyo hii iliyobandikwa selotepu kama kidonda?

NURUDDIN: Usiibandue! Laptopu yangu inaandika kwa ujazo mkubwa, kompyuta ya marehemu Mwalimu inasoma ujazo mdogo tu. Hilo tundu la pembeni lazima lizibwe, ndipo—

PASKAZIA: Wiki tatu, tundu tu?

NURUDDIN: Mama wee! Diski zenyewe nilizitoa kwenye stoo ya mtu, zimeota ukungu, mende wametaga ndani. Nimezifuta huku natapika. Ishirini nimetupa, zimekubali mbili. Hiyo yako, nyingine ninayo hapa. Nimeijaribu kwenye mashine ya Mzee Abdulshakur wa Nyahanga, pacha wa hiyo ya Mwalimu. Ikaamka!

PASKAZIA: Kesho tunawaombea marehemu makaburini, Nuru.

NURUDDIN: Najua, Mama.

PASKAZIA: Walipohamisha makaburi kupisha barabara, nilikuwa nimelazwa Geita. Misalaba yote wakaandika namba tupu. Mwalimu, mume wangu, ndiye alikuwa katibu wa kazi hiyo, majina na namba kayaweka kwenye kompyuta, naye akafa kabla ya kunionyesha kaburi la Lusia wetu. Orodha ya karatasi ikaliwa na mchwa. Mwaka juzi maua niliweka namba tisa. Mwaka jana, kumi na nne.

NURUDDIN: Basi leo tunampata Lusia. Chomeka, washa.

PASKAZIA: Nimewasha.

NURUDDIN: Inanguruma?

PASKAZIA: Hata kukohoa.

NURUDDIN: Taa ya kijani?

PASKAZIA: Hamna. Na ile siku iliwaka, ikaandika inataka diski—

NURUDDIN: Nyanyua sanduku lake. Zito?

PASKAZIA: Jepesi, kama debe tupu. Mbona parafujo hazipo... [bati linaanguka] Mayu wane! Ndani mna vumbi tu!

NURUDDIN: Zile bodi za kijani?

PASKAZIA: Subiri. We Valerian! Valerian, njoo hapa! [sauti za mbali, mtandao unakwaruza] ...Nuru, naona aibu hata kusema. Shemeji yangu huyu. Nilipokwenda msibani Sengerema, akaifungua. Eti kasikia kule kwenye karasha, wanakosaga mawe ya dhahabu, kwamba bodi za kompyuta zina dhahabu. Kazisaga, kazichoma na zebaki!

NURUDDIN: Kachomea wapi?

PASKAZIA: Kwenye sufuria yangu ya maharage! Siku nne napikia humo, najiuliza jikoni kunanuka nini. Ptuu!

NURUDDIN: Itupe, Mama, hiyo ni sumu! Uende hospitali ukapimwe. Kapata nini sasa?

PASKAZIA: Ananionyesha hapa, kwenye karatasi ya sigara. Hata chawa ni mkubwa zaidi. Na anacheka! Tumbo moja na Mwalimu, lakini fisi mtupu. Ananitia kinyaa, Nuru. Hata kumtazama siwezi.

NURUDDIN: Mama, salio langu dogo, sikiliza. Majina hayakai kwenye bodi. Yako kwenye kisanduku cha chuma, kizito, kama kipande cha sabuni. Kikiwepo, nakifunga kwenye mashine ya Mzee Abdulshakur, naiamsha kwa diski niliyobaki nayo. Muulize!

PASKAZIA: Valerian! Kile chuma kiko wapi? ...Wapi?! ...Rudia.

NURUDDIN: Mama? Haloo?

PASKAZIA: Hakikuwa na dhahabu. Kakitupa chooni.

NURUDDIN: Choo cha... shimo?

PASKAZIA: Cha shimo. Mavi ya nyumba nzima. Jina la mwanangu, Nuru.

NURUDDIN: Lini?

PASKAZIA: Jumapili. Majina yatakuwa yamefutika?

NURUDDIN: Sijui, Mama. Pengine bado. Kikitoka msikianike, msikiweke motoni, niletee kilivyo. Ila nani atashuka—

PASKAZIA: Miaka kumi huyu anatamba hakuna duara, shimo la mgodi, linalomshinda. We! Vua shati. Lete kamba, na tochi ya kichwani.

NURUDDIN: Huko chini hewa mbaya, inaua—

PASKAZIA: Feni na mpira wa hewa anavyo, ndivyo anavyoshukia duarani. Dhahabu aliifuata futi mia.

NURUDDIN: Mama, salio lina—

PASKAZIA: Usiniangalie hivyo, Valerian. Na pua usizibe. Shuka. Lusia yumo humo.

[simu inakatika]